Mtoto Asiyekanyaga Chini

Jumba la mfalme, vyumba vya watoto
Tarehe 6, mwezi wa pili

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, maziwa hayajambo, mgongo ndio unaniuma. Natumaini wewe na mwanangu Pilipili ni wazima na tanuri lenu la mikate bado linawaka.

Umeniuliza kwa nini sijaachiwa kurudi wakati mtoto wa mfalme ameshatimiza mwaka. Ni kweli nilikuambia mwaka mmoja tu. Ndivyo nilivyoambiwa na mimi siku waliponichagua pale zahanati, wakaniangalia meno na maziwa kama ng'ombe wa mnada. Jambo la miguu sikuambiwa.

Iko hivi. Mtoto mrithi hakanyagi chini mpaka baba yake mfalme amshushe kwa mikono yake mwenyewe, uani, mbele ya wazee wa jumba. Siku hiyo hiyo aliyemnyonyesha anapewa ruhusa ya kwenda kwao. Kwa kawaida hufanyika mtoto akitimiza mwaka. Sasa mfalme yuko vitani tangu mtoto ana wiki mbili. Aliaga akisema atamshusha akirudi na ushindi. Basi tunangoja ushindi.

Tuko wanawake watatu tunapokezana kumbeba. Hata zulia ni chini. Niliuliza kama godoro ni chini, Bibi Funguo, yule msimamizi wetu anayelala na funguo zote kiunoni, akasema godoro ni kitanda, lakini nisiulize sana. Mtoto mwenyewe ni mnene, ana vikunjo mapajani kama mkate wako ulioumuka vizuri. Hapa lazima tumwite Mtukufu. Tukiwa wawili tu namwita Kibonge, naye ananicheka. Ufalme ni mzito, dada, hasa ukiwa umeshiba.

Niambie Pilipili amefikia wapi. Kama hajaanza kutembea mwambie anisubiri. Naomba Mungu hatua ya kwanza niione mimi.

Barua hii anakuletea Breki, dereva wa lori la unga. Mpe na jibu.

Mimi mdogo wako,
Mama Pilipili


Tanurini
Tarehe 15, mwezi wa pili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea juu ya gunia la unga, ndiyo maana hii nayo itakufikia na unga.

Habari ya zulia imenichekesha. Mfalme gani anakosa nusu saa ya kuja kumshusha mtoto wake? Hata Breki, na lori lake lile la kusukumwa, anafika nyumbani kila Jumapili. Lakini yasikufike kinywani hayo, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wewe nyonyesha, inama, nyamaza.

Pilipili hajambo. Amekuwa na meno sita na anayatumia. Juzi amemng'ata mteja aliyetaka kumbusu, tukapoteza mteja. Jina mlilompa mmelipatia, kasoro baba yake hakukaa kulifurahia. Yule aliyetoka kununua kiberiti bado hajarudi nacho.

Kutembea bado. Anatambaa tu, anashika kiti, anasimama, anakaa tena. Nadhani anakungoja wewe. Usiharakishe mambo. Ukiitwa kaa, kaa. Huku hakuna kilichoharibika.

Dada yako


Vyumba vya watoto
Tarehe 3, mwezi wa tatu

Dada yangu,

Shikamoo. Uliposema ananingoja nililia, halafu nikacheka, halafu Kibonge naye akalia kwa kuwa maziwa yalikatika katikati. Nilimwambia, tulia wewe, una mwenzako. Maana sasa wako wawili, mmoja ananingoja mimi na mmoja anamngoja baba yake, na wote hawatembei.

Nimemnunulia Pilipili viatu. Mchuuzi anapita lango la jikoni na sanduku lake. Vyekundu, vya ngozi laini, vina kifungo pembeni. Mtoto anayeanza anahitaji kiatu cha kushika kifundo. Nimevificha chini ya mto wangu na Bibi Funguo ameshaviona, lakini alivigeuza tu akavirudisha. Hapa mtoto wa mfalme ana soksi za dhahabu pea thelathini na kiatu hana hata kimoja. Ukifikiria ni sawa, cha nini.

Vita vinaendelea vizuri. Redio ya ukumbini inatangaza ushindi kila jioni, na wazee wa jumba wanapiga makofi. Ninachoona mimi ni kwamba kila tukishinda, mahali penyewe panakuwa karibu zaidi. Mwaka jana tulishinda ng'ambo ya milima. Wiki hii tumeshinda pale kituo cha reli ambapo Breki hujaza maji ya lori. Mapazia ya chumba cha wageni yamekatwa kufanywa bandeji. Walinzi wa ngazi walikuwa kumi, sasa ni wawili, na mmoja ana kikohozi.

Malkia anakuja kila asubuhi. Anasimama mlangoni, anamwangalia mtoto, anauliza, "Amelala?" Nasema, "Amelala, Mama," hata kama amekaa anamwangalia. Nadhani anaogopa kumzoea. Wawili aliowazaa kabla hawakuishi.

Nilimuuliza Breki kama amemwona Pilipili. Akainama akaanza kukagua tairi. Mwambie asinifiche kama mtoto amekonda.

Mama Pilipili


Tanurini
Tarehe 28, mwezi wa tatu

Mdogo wangu,

Marahaba. Mtoto hajakonda. Breki ndivyo alivyo, ukimuuliza saa atakagua tairi.

Sina nafasi ya kuandika sana. Askari wamechukua magunia yote ya unga, wakatuachia pumba. Tunaoka mikate ya pumba na watu wanaipigania. Foleni inaanza kabla sijawasha tanuri. Wanawake wanakuja na vigoda na watoto, wanasuka nywele humo humo. Mmoja ana wana watatu vitani na amepata habari za mmoja tu, nazo si nzuri. Siku hizi hawazungumzi tena bei ya mkate. Wanamzungumza mwenye vita.

Pilipili bado anatambaa. Viatu vitunze.

Dada yako


Vyumba vya watoto
Tarehe 16, mwezi wa nne

Dada yangu,

Shikamoo. Naandika harakaharaka, mtoto yuko kifuani.

Dada, Pilipili ana mwaka na nusu sasa. Mwaka na nusu anatambaa? Wewe mwenyewe ulitembea ukiwa na miezi kumi, mama alikuwa akisema ulitembea ukaenda moja kwa moja jikoni. Nilimuuliza daktari wa hapa, nikajifanya naulizia mtoto wa jirani. Akasema asiyetembea kwa umri huo aangaliwe nyonga. Naomba kila asubuhi umkande miguu kwa mafuta ya vuguvugu, kuanzia nyonga kwenda chini. Halafu umsimamishe kwenye mchanga wenye joto mpaka magotini. Umfanyie hivyo, tafadhali, usione ni usumbufu.

Kuna jambo jingine na usinicheke. Kibonge na Pilipili wamenyonya ziwa moja, ni ndugu hao, hata sheria inawatambua. Huyu kawekewa mwiko wa kutokanyaga. Mimi ndiye niliye katikati yao. Je, kama mwiko umepita kwangu ukamfikia na mwanangu? Kwa nini mtoto mwenye meno sita na hasira zote zile asitembee? Nimemuuliza Bibi Funguo, kwa mbali, kama mwiko unaweza kuambukiza. Akasema, "Mfalme akirudi yote yatafunguka." Sasa asiporudi?

Jana redio haikutaja mahali. Ilisema tumeshinda, basi.

Nijibu upesi, dada yangu. Niambie kweli, miguu yake ikoje?

Mama Pilipili


Tanurini
Tarehe 29, mwezi wa nne

Mdogo wangu,

Marahaba. Usiwe na wasiwasi. Kila mtoto ana siku yake. Miguu yake ni mizuri, nimeikanda kama ulivyosema na amenipiga teke. Acha mambo ya mwiko, utaumwa kichwa maziwa yakauke.

Nikupe za huku. Jumatatu walikuja askari kufukuza foleni. Ofisa wao akasema nani kasema mnaweza kukusanyika. Yule mama wa wana watatu akamwambia, "Tumekusanywa na njaa, mwanangu, kamuulize yeye." Ofisa akaamuru wapige. Askari wake hawakupiga. Mmoja alikuwa mtoto wa mwokaji mwenzangu, alikuwa anamwangalia mama yake kwenye foleni. Basi ofisa akabaki na fimbo yake mkononi kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Jioni ile picha ya mfalme iliyokuwa juu ya tanuri iliteremshwa. Hakuna aliyeichana. Tumefunikia pipa la maji.

Kwa hiyo angalia huko ulipo. Moshi ukianzia jikoni, sebuleni utafika.

Dada yako


Vyumba vya watoto
Alhamisi, tarehe 11, mwezi wa tano

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefanya jambo, na ni lazima nikuambie wewe kwanza.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Nilikuuliza miguu ikoje ukanijibu mstari mmoja, kisha habari za ofisa na fimbo yake. Nikajua unanificha. Nikajua mwanangu ni kiwete na huna moyo wa kuniandikia.

Jana Jumatano, baada ya chakula cha mchana, wenzangu wawili hawakuwepo. Mmoja ameondoka kimya tangu juzi na mwingine alikuwa anafungasha. Nikambeba Kibonge nikatoka naye nyuma, kule uwanja wa kuanikia nguo. Hakuna sakafu pale, ni udongo. Nilimvua soksi. Nikamshusha.

Alikunja vidole kama mtu aliyegusa maji ya baridi. Akaning'ang'ania shingo. Nikamwambia, "Simama, Kibonge, una kazi ya watu wawili." Sikujua maneno yanayosemwa na mfalme, nikasema langu tu: "Huyu amekanyaga, na mwanangu naye akanyage." Akasimama, dada. Amejishikiza kwenye kamba ya nguo, magoti yanatetemeka. Akaketi. Akachota udongo akala, akaukunjia uso, akachota tena. Mtukufu mrithi wa kiti anakula udongo kama watoto wote wa ulimwengu huu. Kabla hatujaingia ndani alikuwa ameshapiga hatua mbili, kutoka kwenye shuka kwenda kwenye shuka.

Nilipogeuka, Bibi Funguo alikuwa mlangoni. Hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Unajua ulichofanya? Umeiangusha nyumba." Nikamwambia najua. Akamchukua mtoto, akamwosha miguu kwa beseni zima la maji, akamvalisha soksi. Sijui atanisemea kwa nani. Jioni redio haikutangaza ushindi. Ilipiga muziki tu mpaka betri ikaisha.

Kama watanifunga, mlee mwanangu. Lakini kwanza mwangalie. Mwangalie leo hii, uniambie kama amesimama.

Mama Pilipili


Tanurini
Tarehe 14, mwezi wa tano

Mdogo wangu,

Tanuri limezimika, unga hakuna, ndiyo maana nina nafasi ya kuandika yote.

Mwanao si kiwete. Pilipili alitembea zamani, kabla sijapata barua yako ya kwanza ya mwaka huu. Alitoka kwenye gunia akaja hadi gotini kwangu, na nilipiga ukelele mpaka mwokaji mwenzangu akaunguza mikate. Nilikuwa nimeshashika kalamu nikuambie. Ndipo ukaandika unaomba hatua ya kwanza uione wewe. Nikaona, huyu yuko mbali, kufungua kinywa hawezi, hata hili nimnyang'anye? Nikaandika bado. Nilidhani utarudi mwezi ujao na utamkuta kama ndiyo anaanza. Nikamkataza Breki asiseme. Kila ulipouliza uongo ulikuwa umeshakua, haubebeki tena. Nilimkanda kwa mafuta kweli, ili angalau hilo lisiwe la uongo. Alikimbia ana mafuta, tukamshika kwa shida.

Lakini hilo ndilo dogo. La pili ni hili. Ananiita mama. Sikumfundisha. Sikumkataza pia. Nilipokuandikia usiharakishe kurudi, si wewe niliyekuwa nakuhurumia. Mimi miaka yote ile sikujaliwa, unajua, na tanuri halikuiti mama.

Sasa toka huko. Huku askari wametupa kofia barabarani, watoto wanazichezea. Wanasema mji wenu unafuata. Usingoje ruhusa ya mtu. Breki amesema hata kama hakuna unga wa kupeleka atakuja na lori tupu. Njoo. Mtoto ni wako.

Dada yako


Njiani, kwenye kivuko
Tarehe 20, mwezi wa tano

Dada yangu,

Shikamoo. Niko hai, sina hata mkwaruzo. Breki ndiye aliyenipa barua yako juzi, nilipokuwa bado nangoja usafiri lango la mji, na alipokuwa akinipa hakuweza kuniangalia machoni. Daraja limebomolewa, lori lake limechukuliwa kupakia majeruhi wanaorudi, nikawapisha. Yeye amevushwa nalo kwa pantoni kwanza. Barua hii itafika leo, mimi nitafika kesho kwa miguu pamoja na watu wengine.

Nikueleze yaliyotokea ili usiyasikie kwa wazushi.

Ijumaa ya wiki jana mpishi alikuja na habari kwamba mfalme ametia sahihi. Wanasema alikuwa ndani ya behewa, maofisa wake wamesimama nje, na hakuna aliyetaka kupanda kumsalimu. Ameachia kiti. Hajakamatwa, ameruhusiwa kuondoka, na familia yake imfuate. Watu wakaanza kubeba vitu. Saa, vijiko, hata vitasa vya milango. Wazee wa jumba ndio walioanza.

Bibi Funguo alikaa ngazini na funguo zake. Akaniambia, "Nilikuambia." Anaamini ni ule mguu mmoja pale kwenye kamba ya nguo. Sikubishana naye, ni mtu mzima na alikuwa analia. Lakini moyoni nikajiuliza, miguu ya Kibonge, au foleni yenu ya miezi miwili?

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, Malkia aliingia chumbani, mara ya kwanza kuvuka ule mlango. Kibonge alikuwa anatembea kando ya kitanda. Nilikuwa nimechoka kuficha. Malkia akauliza, "Nani alimshusha?" Nikasema, "Mimi, Mama." Akauliza tangu lini, nikasema tangu Jumatano. Nilingoja. Akakaa kwenye kiti changu cha kunyonyeshea akamtazama anavyokwenda na kurudi. Akasema, "Ni vizuri. Huko tunakokwenda hatuna watu watatu wa kumbeba." Halafu akasema, "Mvalishe viatu."

Unajua hana. Nikatoa vile vyekundu chini ya mto. Vilimwenea kana kwamba alipimwa yeye. Nilipofunga kifungo Malkia akauliza ni vya nani. Nikasema vya mwanangu. Akasema, "Una mtoto?" Dada, nilitaka kumuuliza, sasa maziwa ulidhani yanatoka wapi? Lakini hakuwa mtu wa kuambiwa hivyo siku ile. Nikasema ndiyo, wa kike. Akaniomba niende nao, kutakuwa na chumba changu. Nikamwambia nina kwetu. Hakunishurutisha. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuomba kitu akakosa, lakini aliitikia kwa kichwa vizuri tu.

Gari lilikuwa moja, nje ya lango, dereva amegoma kuingia. Kati ya jumba na lango watu wamejaa, wanawake wengi, wengine wana vigoda kama hao wa kwako. Kila mtu wa jumba alikuwa na mzigo mkononi. Hakuna aliyebaki wa kumbeba. Basi Kibonge alitembea. Mbele za watu wote, na viatu vyekundu, miguu ameipanua kama baharia. Akaanguka. Nilikuwa nyuma yake hatua chache na mikono ikanitoka yenyewe, nikairudisha. Akainuka mwenyewe kwa kuanza na makalio. Mwanamke mmoja akasema, "Kumbe na hawa wana miguu." Mtu akacheka, na kicheko kile ndicho kilichotupa njia. Watu wakasogea. Alianguka mara nyingine karibu na gari, na huyo mwanamke mwenye maneno ndiye aliyemwinua akampangusa magoti.

Kibonge hakunililia gari lilipoondoka. Alikuwa anachezea kile kifungo. Mimi nililia kwa ajili yetu wote wawili, kisha nikafunga kifua kwa kitambaa, maana maziwa hayajui kuwa ufalme umekwisha.

Sasa ya kwako. Nilikasirika toka lango la mji mpaka kituo cha reli. Pale kituoni kuna bomba, nikanywa maji, nikaisoma tena barua, nikafika pale alipokimbia ana mafuta. Nikacheka peke yangu watu wakaniangalia. Tangu hapo nimejaribu kukasirika tena, haiji. Na mimi nina langu ambalo sikukuandikia. Mwezi wa nne, Bibi Funguo alinong'ona kwamba angeweza kuniachia lango la jikoni wazi, nitoroke. Sikwenda. Nilijiambia naogopa walinzi. Walinzi walikuwa wawili na mmoja ana kikohozi. Nilikuwa nimemzoea Kibonge. Kwa hiyo usijione uko peke yako.

Usimkataze kukuita mama. Amelipata mwenyewe neno hilo, hakumwibia mtu. Wewe ndiye mkubwa, mimi kwa sasa nitakuwa mama mdogo, na lugha yetu ina nafasi ya wote wawili ndani ya nyumba moja. Usimwandae. Usimpake mafuta wala usimfundishe la kuniambia. Viatu sina tena, nakuja mikono mitupu, lakini kwa unavyosema vingekuwa vimeshambana.

Kitu kimoja tu nakuomba. Kesho mchana acha mlango wazi. Nataka kumwona akikimbia, hata kama ananikimbia mimi.

Mdogo wako